Mauzo ya rejareja Bwera, Kasese na ng'ambo ya Kongo: namna ya kusoma mwenendo wa soko la mpakani

Siku za gulio la Mpondwe ni Jumanne na Ijumaa. Siku hizo magari kutoka Kasese mjini huanza kushusha mizigo Bwera mapema asubuhi, na wanunuzi kutoka ng'ambo ya mto Lhubiriha huvuka kwa maelfu kutafuta sukari, sabuni, chumvi, unga, mabati na vyombo vya plastiki. Wengine huja na bidhaa zao za kuuza, kama vile mawese na vitenge. Jioni kila mwenye duka huhesabu fedha. Akiona zimezidi za mwezi uliopita, husema biashara imepanda.

Huenda imeshuka. Fedha zinaweza kuongezeka huku mifuko inayotoka dukani inapungua, na mwenye duka asitambue mpaka siku anapokwenda Kampala kununua mali mpya na kukuta mtaji wake hautoshi kujaza gari alilokuwa akilijaza mwaka uliopita. Wafanyabiashara wengi wa mpakani wameanguka hivyo, si kwa kukosa wateja bali kwa kusoma vibaya hesabu zao wenyewe.

Makala hii inaeleza namna ya kutofautisha thamani ya mauzo na kiasi cha mauzo, mambo yanayosukuma soko la Bwera na Kasese juu au chini, na jinsi mfanyabiashara au msafirishaji anavyoweza kuweka kumbukumbu zake bila gharama kubwa.

MAHALI PENYEWE

Mpondwe ni mpaka wa Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, katika wilaya ya Kasese, takriban kilomita 50 kutoka Kasese mjini. Bwera ndio mji wa biashara ulio jirani nao. Upande wa Kongo ni Kasindi, katika eneo la Beni, mkoa wa Kivu Kaskazini. Kutoka Kasindi hadi Beni ni kilomita 80, na kutoka Beni hadi Butembo ni kilomita 54.

Malori yanayotoka Kampala hupita Fort Portal na Kasese, au Mbarara na daraja la Katunguru, na njia zote mbili hukutana Kikorongo kabla ya kuelekea Bwera. Reli iliyofika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe ilisimama mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa hiyo mzigo wote hutegemea barabara. Kwa bidhaa zinazotoka bandari ya Mombasa, safari ya hadi Kampala peke yake ni zaidi ya kilomita 1,100.

Watu wa pande mbili za mpaka huu ni ndugu. Wakonzo wa Uganda na Wanande wa Kongo husikilizana kwa lugha, huoana na hukopeshana. Kiswahili hutumika sokoni pamoja na lugha zao. Ndiyo sababu mpaka huu haukufa hata katika miaka migumu, na ndiyo sababu pia mauzo ya Bwera hayawezi kuelezwa kwa uchumi wa Uganda peke yake. Sehemu kubwa ya wateja wake wanaishi katika uchumi mwingine, wenye fedha nyingine, kodi nyingine na hata saa nyingine. Saa ya mashariki mwa Kongo iko nyuma ya Uganda kwa saa moja. Ikiwa ni saa 11 jioni Mpondwe, Kasindi ni saa 10.

THAMANI NA KIASI: TOFAUTI YAKE

Thamani ya mauzo ni fedha zilizoingia. Kiasi cha mauzo ni bidhaa zilizotoka, yaani mifuko, katoni, jerikeni, vipande au tani. Nchi za Ulaya na Afrika Kusini hutangaza kila mwezi takwimu za mauzo ya rejareja baada ya kuondoa athari ya kupanda kwa bei, ili ijulikane kama watu wananunua vitu vingi zaidi au wanalipa zaidi kwa vitu vilevile. Mwenye duka Bwera anaweza kufanya hivyo kwa daftari.

Tuchukue mfano wa kubuni wa duka la jumla na rejareja linalouza sukari kwa mifuko ya kilo 50:

- Januari ya kwanza: mifuko 200 kwa shilingi 180,000 kila mmoja. Fedha zilizoingia ni shilingi 36,000,000.
- Januari iliyofuata: mifuko 170 kwa shilingi 220,000 kila mmoja. Fedha zilizoingia ni shilingi 37,400,000.

Kwa fedha, mauzo yamepanda karibu asilimia 4. Kwa mifuko, yameshuka asilimia 15. Ikiwa faida ni shilingi 10,000 kwa mfuko katika miezi yote miwili, faida imetoka milioni 2 hadi milioni 1.7. Tena, mifuko 200 iliyokuwa ikinunuliwa kwa shilingi milioni 34 sasa inahitaji milioni 42. Aliyefurahia ongezeko la fedha, akatumia ile ziada kwa karo na harusi, ameanza kula mtaji.

Msafirishaji huumia mapema kuliko mwenye duka. Yeye halipwi kwa bei ya sukari, hulipwa kwa uzito au kwa safari. Mifuko 200 ni tani 10, mifuko 170 ni tani 8.5. Lori ni lilelile, dizeli ni ileile, lakini tani moja na nusu ya nauli imepotea.

FARANGA, SHILINGI NA DOLA

Mteja wa Kasindi, Mutwanga au Beni anayenunua sabuni na chumvi kwa kawaida hupata kipato chake kwa faranga za Kongo. Duka la Bwera huuza kwa shilingi ya Uganda. Kati yao yupo mbadilishaji fedha, na juu yao wote ipo dola ya Marekani, kwa sababu Kongo biashara kubwa huhesabiwa kwa dola.

Tazama jinsi faranga ilivyopoteza nguvu. Mwanzoni mwa 2016 dola moja ilikuwa takriban faranga 930. Mwishoni mwa 2017 ilifika takriban 1,600, na mwaka huo mfumuko wa bei nchini Kongo ulizidi asilimia 50. Mwaka 2024 dola ilipita faranga 2,800. Katika miaka hiyo yote shilingi ya Uganda haikwenda mbali, ikizunguka kati ya 3,400 na 3,900 kwa dola.

Maana yake dukani ni hii. Mteja aliyekuja Bwera na faranga 1,000,000 mwanzoni mwa 2016 aliondoka kwa mbadilishaji na takriban shilingi milioni 3.6. Mwishoni mwa 2017 faranga zilezile zilimpa takriban milioni 2.3. Mwaka 2024 zilimpa takriban milioni 1.3. Wakati huohuo bei za Uganda nazo zilikuwa zikipanda. Mfumuko wa bei Uganda ulifika asilimia 10.7 mwezi Oktoba 2022.

Kwa hiyo bidhaa dukani hugawanyika makundi mawili:

1. Bidhaa zinazofuata faranga. Hizi ni sabuni, chumvi, unga, mafuta ya kula ya vipimo vidogo, kandambili, betri na biskuti. Mnunuzi wake ni mchuuzi au mama wa nyumbani. Faranga ikishuka, kiasi hupungua ndani ya wiki chache. Mara nyingi mteja hahami duka, anahamia kipimo kidogo zaidi.

2. Bidhaa zinazofuata dola. Hizi ni saruji, mabati, pikipiki, vipuri na magodoro ya bei. Mnunuzi wake ni mjenzi, mfanyabiashara wa Butembo, au mkulima aliyeuza kakao na kahawa kwa bei ya dola. Kushuka kwa faranga humgusa kidogo. Kinachomgusa ni barabara, usalama na bei ya mazao. Bei ya kakao katika soko la dunia ilipopita dola 10,000 kwa tani mwaka 2024, mashamba ya Beni yalikuwa na sababu ya kujenga.

Mwenye duka anayechanganya makundi haya katika hesabu moja hataona kitu. Mabati yanaweza kupanda mwezi uleule sabuni inaposhuka. Jumla itaonekana tulivu, lakini wachuuzi wake wanazama.

MATUKIO YALIYOPINDISHA MWENENDO

Kiasi cha mauzo mpakani hakibadiliki polepole kama mjini. Huruka na huanguka kwa tukio moja. Yafuatayo ni matukio yenye mafunzo.

Desemba 2007 hadi Februari 2008. Vurugu baada ya uchaguzi wa Kenya zilikata barabara na reli ya kutoka Mombasa. Mafuta na bidhaa za viwandani vilipungua Uganda, Rwanda na mashariki mwa Kongo, bei zikapanda. Hapa kiasi kilishuka kwa sababu mali haikufika, si kwa sababu mteja alikosa fedha. Anguko la namna hii hurudi haraka njia ikifunguliwa, na aliyekuwa na akiba ghalani hunufaika.

Agosti 2018 hadi Juni 2020. Ebola ilitangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018. Mpaka wa Mpondwe haukufungwa, lakini kila anayevuka alinawa mikono na kupimwa joto, na foleni zikawa ndefu. Juni 2019 wagonjwa wa kwanza walithibitishwa wilayani Kasese, katika familia iliyokuwa imevuka kutoka Kongo, na magulio ya wilaya yakasimamishwa kwa muda. Agosti mwaka huo mtoto mwingine mgonjwa alitambuliwa palepale kwenye ukaguzi wa Mpondwe. Hapa njia ilikuwa wazi na mali ilikuwepo, lakini siku ya gulio ilipotea. Mauzo ya jumla yaliyofungwa kwa simu yaliweza kuendelea. Mauzo ya mkononi ya mchuuzi hayakuwa na pa kwenda.

Machi 2020. Kwa sababu ya Uviko-19, Uganda ilifunga mipaka kwa watu lakini ikaruhusu malori ya mizigo. Mchuuzi aliyezoea kuvuka na kapu kichwani alizuiwa, huku lori la tani 30 likipita. Wachuuzi wengine waliungana na kuchangia gari moja, wengine wakaingia njia za panya, ambako mali hupotea bila risiti na bila wa kumlalamikia. Takwimu za forodha za kipindi hicho zionekanapo nzuri, kumbuka kwamba hazikumhesabu aliyebaki nyumbani.

16 Juni 2021. Marais Yoweri Museveni na Félix Tshisekedi walizindua mpakani ujenzi wa barabara za Kasindi hadi Beni, Beni hadi Butembo, na Bunagana hadi Goma, jumla ya kilomita 223. Kazi ilipewa kampuni ya Dott Services. Kwa msafirishaji, barabara ya lami haiongezi mteja mara moja. Kwanza hupunguza siku za safari na matairi yanayopasuka. Lori linalokwenda safari mbili kwa wiki badala ya moja hubeba mara mbili bila kununua gari jipya, na hapo ndipo nauli kwa tani huanza kushuka.

Novemba 2021 na kuendelea. Tarehe 30 Novemba 2021 majeshi ya Uganda na Kongo yalianza operesheni ya pamoja dhidi ya waasi wa ADF, iitwayo Operesheni Shujaa. Hata hivyo mashambulizi yaliendelea. Januari 2023 bomu lililipuka kanisani Kasindi. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 shule ya sekondari ya Lhubiriha, karibu kabisa na mpaka, ilivamiwa na watu zaidi ya 40 wakauawa, wengi wao wanafunzi. Baada ya siku kama hizo soko halipimwi kwa fedha. Lakini ni vema kujua kwamba woga hukaa barabarani muda mrefu kuliko tukio lenyewe. Madereva hukataa kulala njiani, nauli hupanda, na mnunuzi wa Beni hununua kidogo kidogo ili asibaki na mali nyingi ghalani.

Juni 2022. Waasi wa M23 waliteka Bunagana tarehe 13 Juni 2022, na biashara iliyokuwa ikipita huko ikatafuta njia nyingine. Mwishoni mwa Juni 2024 waliteka Kanyabayonga, na barabara ya Butembo hadi Goma ikawa katika uwanja wa vita. Mwishoni mwa Januari 2025 waliingia Goma, na benki za mji huo zikafungwa. Julai 2025 Uganda ilifungua tena mipaka ya Bunagana na Ishasha.

Tukio hili la mwisho lina mtego. Mpaka mmoja ukifungwa, mpaka jirani huonekana kustawi. Malori yakiongezeka Mpondwe, haimaanishi kwamba watu wa Beni wanakula sukari zaidi. Huenda ni mzigo wa mahali pengine umehamia hapa, na utarudi kwao njia ikifunguliwa. Anayejenga ghala jipya kwa sababu ya ongezeko la namna hiyo ajiulize kwanza, mteja huyu ni wangu au ni mpita njia?

SOMO KUTOKA MIPAKA MINGINE

Kasese si mahali pa kwanza kuona mauzo yakipanda na kushuka kwa sababu ya jirani. Baada ya mkataba wa amani wa Sudan wa 2005, wafanyabiashara wa Uganda walifurika Juba, na bidhaa za Kampala zikapata soko kubwa la ghafla. Vita vilipozuka Juba Desemba 2013, wengi walirudi mikono mitupu, wakiacha mali na madeni.

Mpaka wa Katuna na Gatuna ulifungwa upande wa Rwanda mwishoni mwa Februari 2019, ukafunguliwa tarehe 31 Januari 2022. Kwa karibu miaka mitatu maduka ya Katuna yaliyotegemea mteja wa Rwanda yalikaa bila mnunuzi, ingawa uchumi wa Uganda na wa Rwanda wenyewe haukusimama kwa miaka hiyo yote. Takwimu za nchi nzima hazikuonyesha maumivu ya mji mmoja.

Aidha, usipime matumizi ya watu kwa maduka makubwa. Uchumi ya Kenya iliondoka Uganda mwaka 2015, Nakumatt ikaanguka 2017, na Shoprite ya Afrika Kusini ikatangaza kuondoka 2021. Watu hawakuacha kununua sukari. Maduka hayo yaliangushwa na madeni, kodi za majengo na gharama zao, na nafasi yao ikachukuliwa na wengine pamoja na maduka ya mtaani. Duka likifungwa, chunguza kwanza kama ni mteja aliyetoweka au ni mwenye duka aliyeshindwa.

MISIMU NA SIKUKUU

Kosa lingine la kawaida ni kulinganisha Desemba na Januari. Desemba kuna Krismasi pande zote mbili, na Januari kila nyumba imekwisha fedha. Linganisha Januari na Januari iliyopita, Jumanne na Jumanne.

Misimu ya pande mbili haifanani. Mwaka wa shule Uganda huanza karibu na Februari, Kongo huanza Septemba. Kwa hiyo madaftari, kalamu, viatu na vitambaa vya sare huwa na misimu miwili Bwera, na anayeweka mali ya Septemba kwa kufuata kalenda ya Uganda peke yake huchelewa.

Sikukuu za serikali pia hutofautiana. Kongo hupumzika tarehe 4, 16 na 17 Januari, 30 Juni na 1 Agosti. Uganda hupumzika tarehe 26 Januari, 8 Machi, 3 na 9 Juni, na 9 Oktoba. Lori likifika Mpondwe tarehe 29 Juni jioni bila karatasi kukamilika, dereva ajiandae kulala. Ukiona kiasi cha mauzo kimeshuka Januari, hesabu kwanza siku za kazi zilizokuwepo.

KODI NA KARATASI

Kongo ilikubaliwa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 29 Machi 2022, ikatia saini mkataba tarehe 8 Aprili, na uanachama ukakamilika tarehe 11 Julai mwaka huo. Wengi walitarajia ushuru kuondoka siku hiyohiyo. Haikuwa hivyo, kwa sababu kuingia katika ushuru wa pamoja ni kazi ya hatua kwa hatua. Usipange bei kwa kutegemea msamaha ambao hujauona kwenye karatasi.

Kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 18 Uganda na asilimia 16 Kongo. Upande wa Kasindi, amri ya serikali ya Kongo ya Machi 2002 ilitaja idara nne tu za kufanya kazi mpakani, nazo ni forodha (leo DGDA), ukaguzi wa ubora (OCC), uhamiaji (DGM) na afya ya mipakani. Mchuuzi akidaiwa fedha na mtu wa idara nyingine, ana haki ya kuuliza risiti na kuuliza ni kwa sheria ipi.

Kwa mizigo midogo upo Utaratibu Rahisi wa Biashara wa COMESA, ulioanza 2010, ambao humwezesha mchuuzi kutumia fomu fupi kwa bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa na nchi mbili. Mradi wa kurahisisha biashara Maziwa Makuu, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2015 kwa Kongo, Rwanda na Uganda, uliilenga mipaka ya namna hii, Mpondwe ikiwemo. Kabla ya kupakia, uliza dawati la habari za biashara mpakani kama bidhaa yako imo kwenye orodha na kiwango cha juu cha thamani kinachokubaliwa.

TAKWIMU UNAZOWEZA KUPATA

- Ofisi ya Takwimu ya Uganda (UBOS) hutoa fahirisi ya bei za walaji kila mwezi. Fort Portal na Mbarara ni miongoni mwa miji inayopimwa, nayo ndiyo ya karibu kwa mtu wa Kasese. Ukijua bei zimepanda kiasi gani, unaweza kuondoa ongezeko hilo katika mauzo yako.

- UBOS na Benki Kuu ya Uganda zimekuwa zikifanya uchunguzi wa biashara isiyo rasmi mpakani, ambapo wahesabuji huketi mpakani na kuandika kinachovuka kwa kichwa, kwa baiskeli na kwa mkokoteni. Kwa miaka mingi uchunguzi huo umeonyesha Kongo kuwa mnunuzi mkubwa kuliko wote wa bidhaa za Uganda zinazovuka bila kuandikishwa forodha. Maana yake ni kwamba takwimu za forodha peke yake huonyesha nusu ya habari.

- Benki Kuu ya Kongo hutangaza kiwango cha faranga kwa dola. Kilinganishe na kile cha mbadilishaji wa Mpondwe. Pengo likipanuka, tarajia bei kubadilika.

- Ushoroba wa Kaskazini, wenye makao Mombasa, huchapisha muda wa safari za malori na siku za kukaa mpakani. Msafirishaji azitumie anapopatana nauli.

DAFTARI LA MPAKANI

Hakuna takwimu ya serikali inayojua duka lako kuliko wewe. Utaratibu ufuatao huchukua dakika kumi kila jioni ya gulio.

1. Chagua bidhaa tano tu, mbili za kundi la faranga (kwa mfano sabuni na chumvi), mbili za kundi la dola (saruji na mabati), na moja unayoijua sana.

2. Andika idadi iliyotoka, si fedha. Mifuko, katoni, vipande.

3. Pembeni andika bei ya kuuza, bei ya kununua mali mpya leo, na faranga 1,000 zimebadilishwa kwa shilingi ngapi.

4. Andika neno moja la sababu ukiona mabadiliko. Mvua, foleni, uvumi, sikukuu, lori limechelewa. Baada ya mwaka mmoja maneno haya yatakufaa kuliko tarakimu.

5. Tenganisha wateja wa kila gulio na wapita njia. Mteja aliyenunua magulio nane kati ya kumi ndiye mwenendo. Aliyenunua mara moja mifuko mia ni bahati.

6. Mwisho wa mwezi jiulize swali moja. Kwa fedha nilizo nazo leo, naweza kununua mifuko mingapi? Ikiwa ni michache kuliko mwezi kama huu mwaka jana, unakula mtaji, hata kama droo imejaa.

Msafirishaji aweke lake. Aandike tani zilizobebwa kwenda, tani zilizobebwa kurudi, siku za kukaa mpakani na dizeli iliyotumika. Mzigo wa kurudi ni kipimo kizuri cha hali ya Kongo. Malori yakirudi na mbao, kakao, kahawa na mawese, fedha zinaingia mikononi mwa wakulima na wiki chache baadaye zitafika madukani Bwera. Yakianza kurudi matupu, mpunguzie mteja wako mkopo kabla hajakuomba.

Kuhusu mkopo, mpaka huu umejengwa juu ya udugu na kuaminiana, na hakuna atakayefanya biashara hapa bila kukopesha. Lakini deni la faranga linayeyuka ikishuka thamani. Andikeni deni kwa shilingi au dola, au kwa idadi ya mifuko. Aliyechukua mifuko kumi arudishe fedha ya kununulia mifuko kumi. Hivyo hakuna anayemdhulumu mwenzake, na udugu unabaki.

KWA KIFUPI

Soko la Bwera liko Uganda, lakini wateja wake wengi wako Kongo. Ukitaka kujua kama biashara inapanda, hesabu mifuko kabla ya noti, tenganisha bidhaa za faranga na za dola, linganisha gulio na gulio la msimu uleule, na usichukue shida ya mpaka jirani kuwa neema yako ya kudumu. Anayefanya hivyo ataona kushuka kwa soko miezi miwili au mitatu kabla ya mwenzake, na muda huo unatosha kupunguza oda, kukusanya madeni na kuokoa mtaji.